UCHAMBUZI: Nasuri ya haja kubwa yahitaji jicho la MRI kabla ya kisu cha pili

MIONGONI mwa maradhi ambayo Wakenya huyataja kwa kunong'ona ni nasuri ya sehemu ya haja kubwa. Hata jina lake limetwaliwa na ndugu yake. Mtu akisikia nasuri, mawazo humwendea mama aliyeumia njia ya uzazi wakati wa kujifungua, tatizo ambalo limefanyiwa kampeni kwa miaka mingi, na kwa haki. Hii nyingine huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na aghalabu mgonjwa huiita bawasiri, akanunua dawa ya kupaka, akanyamaza.

Si bawasiri. Ndani ya njia ya haja kubwa mna vitezi vidogo, na kimoja kikiziba na kuingiwa na viini huzuka jipu. Jipu hupasuka lenyewe au hupasuliwa hospitalini, maumivu yakatulia, na mgonjwa akadhani yamekwisha. Hata hivyo, kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu, hubaki mfereji mwembamba unaotoka ndani hadi kwenye ngozi ya kando, ukitiririsha usaha kila baada ya siku chache. Mfereji huo ndio nasuri. Dawa za kuua viini haziuzibi, na hapana budi upasuaji ufanywe.

Hapo ndipo penye mtego. Njia ya haja kubwa imezungukwa na misuli miwili ya kubana, mmoja wa ndani unaofanya kazi bila mtu kuuamrisha, na mwingine wa nje ambao mtu huukaza kwa hiari yake. Mfereji ukipita juu juu, daktari huupasua wote, kidonda kikajaa na kupona. Lakini ukipenya sehemu kubwa ya msuli wa nje, kuupasua ni kuukata msuli wenyewe, na mgonjwa aliyekwenda kutibiwa usaha atarudi nyumbani asiyeweza kuzuia choo. Daktari naye akiwa mwoga mno, huacha tawi moja la mfereji ndani na baada ya miezi michache usaha hurejea.

Swali si geni. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipasuliwa nasuri ya aina hii mwezi Novemba 1686 na mpasuaji wake, Charles-François Félix, ambaye husimuliwa kwamba alijifunza kwanza kwa kuwapasua maskini wa Paris. Mwandishi Charles Dickens alipasuliwa mwaka wa 1841 na Frederick Salmon, daktari aliyekuwa ameanzisha mjini London, mwaka wa 1835, kituo cha maskini wenye ugonjwa huo. Kituo hicho ndicho hospitali ya St Mark's ya leo, na ndiko daktari Alan Parks na wenzake walikochambua wagonjwa 400 na kutoa mwaka wa 1976 mpango wa kuzigawanya nasuri kulingana na jinsi mfereji unavyopita kwenye ile misuli miwili. Mpango huo ungali unatumika kote duniani.

Parks alieleza yale ambayo mpasuaji huyakuta akishafungua. Mgonjwa, kwa upande wake, angependa yajulikane kabla.

Kwa muda mrefu daktari alitegemea kidole chake na kijiti chembamba cha chuma kinachopenyezwa kwenye tundu la nje mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Kwa nasuri sahili, njia hiyo yatosha. Kwa nasuri iliyokwisha kupasuliwa mara moja au mbili, kovu huficha mifereji, na kijiti kikisukumwa kwa nguvu chaweza kutoboa njia mpya ambayo haikuwako.

Mashine ya MRI haitumii miale ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio kupokea ishara kutoka kwa chembe za haidrojeni, ambazo zimejaa katika maji na mafuta ya mwili. Wataalamu hupanga picha ili maji yang'ae na mafuta yazimwe. Usaha, kwa kuwa ni majimaji, huonekana mweupe kama mkondo wa maziwa, ilhali kovu la zamani hubaki jeusi, na misuli yote miwili hujitokeza waziwazi. Daktari huona mfereji umepita wapi, tundu la ndani liko upande gani, na kama kuna jipu lililojificha juu ambalo kidole hakingelifikia.

Je, kuona huko humfaidi mgonjwa, au ni picha nzuri tu? Watafiti wa St Mark's, wakiongozwa na Gordon Buchanan na Steve Halligan, walilijibu swali hilo katika jarida la The Lancet mwaka wa 2002. Walifuatilia wagonjwa 71 ambao nasuri zao zilikuwa zimerudi. Pale ambapo upasuaji uliafikiana na picha, yaani wagonjwa 40, ugonjwa ulirejea kwa watano tu. Pale ambapo mpasuaji na picha walitofautiana, wagonjwa 31, ulirejea kwa 16. Asilimia 13 dhidi ya 52. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, na yamkini nasuri zilizoleta ubishi ndizo zilizokuwa ngumu tangu mwanzo. Hata kwa tahadhari hiyo, pengo ni kubwa mno kupuuzwa.

Miaka miwili baadaye kundi hilo hilo lilipima mifereji 108. Kidole cha daktari kiliitambua sawasawa asilimia 61, ultrasaundi inayoingizwa ndani ya njia ya haja kubwa asilimia 81, na MRI asilimia 90. Takwimu hiyo ya katikati yafaa kuangaliwa sana na nchi isiyo na fedha za kumwaga. Ultrasaundi ya aina hiyo ni rahisi kwa bei kuliko MRI, na kwa kutafuta tundu la ndani haiachwi nyuma sana. Udhaifu wake ni kwamba haioni mbali, na majipu ya juu huipita.

Kwa Kenya, mjadala wa vifaa vya hospitali umezoea kuanzia na kukomea kwenye ununuzi. Mwaka wa 2015 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilianzisha mpango wa kukodi mitambo kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa, vifaa vya picha vikiwemo. Kamati maalum ya Seneti iliyouchunguza mwaka wa 2020 ilikuta mitambo iliyokaa bila kutumika, mahali pengine kwa kukosa vyumba na umeme, kwingine kwa kukosa watu wa kuiendesha. Somo hilo linaihusu MRI kuliko mtambo mwingine wowote.

Sababu ni kwamba picha ya nasuri si picha ya nyonga ya kawaida. Njia ya haja kubwa imelala mshazari, na fundi asipoziinamisha picha zifuate mshazari huo, misuli huonekana imekatwa vibaya na ripoti ikapotosha. Anayeisoma naye anapaswa kusema mambo ambayo mpasuaji atayatumia: tundu la ndani liko saa ngapi, kama kwenye uso wa saa, mfereji umekata msuli kwa kiasi gani, na una matawi mangapi. Ripoti isemayo "kuna nasuri" na kunyamaza imemrudishia mgonjwa habari aliyokuja nayo, naye ameshailipia.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, MRI imekuwa miongoni mwa vipimo vya picha vilivyoorodheshwa kulipiwa. Hiyo ni hatua. Mitambo yenyewe, hata hivyo, ingali imerundikana mijini na katika hospitali za kibinafsi, na mgonjwa wa mashambani hulipa kwanza nauli na malazi kabla ya kufika mlangoni pa mashine.

Yupo atakayeuliza kama ni busara kuihangaikia nasuri ilhali kina mama wanafariki wakijifungua na watoto wanauawa na malaria. Swali ni halali, na jibu si kumpiga picha kila mwenye usaha. Nasuri ya kwanza, iliyo juu juu, daktari mzoefu huimaliza bila MRI. Pesa ziwaendee wale ambao nasuri imewarudia, wenye matundu zaidi ya moja, na wenye ugonjwa wa Crohn unaotafuna utumbo. Kwa hao, upasuaji wa tatu na wa nne, vitanda, dawa za usingizi na siku za kazi zilizopotea hugharimu kuliko picha moja. Mwendeshaji wa bodaboda asiyeweza kuketi kwenye kiti cha pikipiki yake hana kipato, na hasara hiyo haiandikwi katika daftari la hospitali yoyote.

Wala MRI haioni yote. Kifua kikuu chaweza kusababisha nasuri, na picha peke yake haitoshi kukitambulisha. Kipande cha nyama kutoka kwenye mfereji lazima kipelekwe maabara, kazi ya gharama ndogo ambayo haingoji sumaku wala fundi wa kutoka Nairobi.

Kanuni ya malipo ingeweza kuandikwa kwa sentensi moja: mgonjwa ambaye nasuri imemrudia asipelekwe tena chumba cha upasuaji kabla ya kupigwa picha, na mpasuaji atakayeamua kwenda kinyume na picha hiyo aandike sababu zake kwenye faili.