Besi ya spika ndogo yakwepa kipimo cha kelele

Spika ndogo za Bluetooth, ambazo mtu hubeba kwa mkono mmoja, zimeibua swali gumu katika vita dhidi ya kelele nchini: je, kelele ni ile inayomnyima mtu usingizi, au ni ile inayoonekana kwenye mashine ya kupimia?

Katika ploti nyingi za mijini, familia mbili hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Jirani akifungulia muziki, maneno ya wimbo hufifia ukutani lakini besi hupenya. Sauti nyembamba huzuiwa kwa wepesi. Sauti nzito huutikisa ukuta wenyewe na kumfikia aliyelala upande wa pili.

Kwa kawaida, spika ndogo haina ubavu wa kutoa besi. Kila sauti inaposhuka oktava moja, kiwambo chake hulazimika kusogea umbali mara nne zaidi ili nguvu ya sauti isipungue. Watengenezaji wameziba upungufu huo kwa kuongeza viwambo visivyounganishwa na umeme, pamoja na programu inayokuza besi mtumiaji anapobonyeza kitufe.

Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 ziliweka kikomo cha desibeli 35 katika maeneo ya makazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tatizo ni kwamba desibeli hizo hupimwa kwa kigezo kiitwacho A, kilichobuniwa kuiga namna sikio la binadamu linavyopokea sauti hafifu. Kigezo hicho huipunguzia besi uzito. Sauti yenye mitetemo 63 kwa sekunde hupunguziwa desibeli 26, hivyo besi ya desibeli 60 huandikwa kuwa 34. Mlalamishi huonekana mzushi ilhali hajalala.

Hata hivyo, kanuni hizo hazikutegemea mashine pekee. Ziliruhusu kuzingatiwa kwa wakati, ukaribu wa makazi, iwapo sauti imekuzwa kwa njia ya kielektroniki, na iwapo mhusika angeweza kuidhibiti bila taabu wala gharama kubwa. Vigezo viwili vya mwisho vinaihusu spika hiyo moja kwa moja. Besi yake hukuzwa kwa kitufe, na huzimwa kwa kitufe kicho hicho.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Maafisa wake wakisubiri mashine iwape ushahidi, malalamishi mengi ya aina hii yataambulia patupu. Inawapasa kuuliza pia ni saa ngapi, na kitufe kimewashwa au la.

Kwa mwenye spika, mambo ni mepesi. Azime besi usiku, na aiweke spika mbali na ukuta na pembe za chumba, kwani pembe huizidishia besi nguvu. Muungwana ni kitendo, na kitendo hiki hakigharimu hata senti.