Mizizi Kwanza, Majani Baadaye

Katika nchi ya chai, toka Kericho hata Bomet, kijana akipata alama za kumwingiza katika chuo cha udaktari, nyumba nzima hushangilia. Punde washauri hutokea. Mmoja humwambia, "Pumzika, umekwisha kufanya kazi." Wa pili humletea kitabu kinene na kumwamuru ayakariri majina ya mifupa 206 kabla ya siku ya kuripoti. Mimi nasema wote wawili wanampoteza, na wa pili anampoteza zaidi, kwa kuwa upotevu wake umevaa joho la bidii.

Zamani palikuwa na kidato cha tano na cha sita, na miaka miwili hiyo ilimkomaza mwanafunzi. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ukafanywa mwaka 1989. Sasa amalizaye kidato cha nne hubakiwa na miezi michache tu kabla ya kuianza safari ya miaka 6. Miezi hiyo ndiyo kitalu chake.

Nawe, msomaji, wajua kitalu ni nini. Kijitawi chenye jani moja hutiwa katika mfuko wa udongo, kikatunzwa kivulini miezi mingi. Mkulima mwenye busara hakipeleki shambani kwa sababu jani lake linang'aa. Hutazama mizizi kwanza. Majina yaliyokaririwa ni majani. Mizizi ya udaktari ni hesabu, kemia, fizikia, elimu ya viumbe, na lugha.

Je, hesabu ni jambo dogo? Paracetamoli hupimwa kwa uzani wa mtoto, hata miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 atapewa miligramu 180. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, haki yake ni mililita 7.5. Nukta ile ikipotea, atanyweshwa 75, na ini lake ndilo litakalolipa. Mifupa yote 206 haitamwokoa.

Na lugha je? Katika mashamba ya chai Mkipsigis huchuma bega kwa bega na Mkisii, Mjaluo na Mluhya. Daktari ajuaye Kilatini cha kila mshipa, lakini asiyeweza kumwuliza mama mzee kwa Kipsigis au kwa Kiswahili maumivu yalianza lini, ni kama mchumaji aliyekwenda shambani bila kikapu.

Mpinzani atasema, "Akaririye mapema atawatangulia wenzake." Labda, kwa muhula mmoja. Mifupa itafundishwa chuoni, tena mwili wenyewe ukiwa mezani. Lakini ni mwalimu gani wa chuo atakayerudi nyuma kukufundisha sehemu na uwiano? Hayupo. Atadhani unajua, nawe utaona haya kumwambia hujui.

Tena fikiri juu ya Bomet yenyewe. Daktari Ernest Steury alifika Tenwek mwaka 1959, akawa daktari wa kwanza wa hospitali ile. Huko saratani ya umio imewashika watu wengi, hata vijana wasiotimiza miaka 30, na wataalamu wamehangaika miaka mingi kutafuta chanzo chake. Jawabu kamili halimo katika kitabu chochote cha kukariri. Litapatikana kwa mtu aliyezoea kuuliza "kwa nini?" na kupima jibu kwa hesabu. Huenda mtu huyo ni wewe. Lakini hutakuwa yeye kwa kuimba majina.

Basi, usilale, wala usikimbilie mbele. Yarudie masomo uliyodhani umeyamaliza. Chukua kanuni moja ya kemia kila siku, umweleze mdogo wako bila kufungua daftari. Pale utakapokwama ndipo penye pengo lako. Soma kitabu kizima, si muhtasari. Andika ukurasa mmoja kwa lugha safi. Keti na wazee, uwasikilize wakieleza maradhi yao mpaka mwisho bila kuwakatiza.

Mshauri wako atakuona unapoteza wakati. Mwache aseme. Siku moja yeye mwenyewe ataletwa mbele yako mgonjwa, na siku hiyo hatakuuliza idadi ya mifupa yake.