Shokapu ya DT kuukuu: matengenezo ya bei rahisi ndiyo ghali

Barabara kuu ya Moshi kwenda Same hupita Kifaru kwa lami, lakini mahindi, maharage na nyanya hutoka shambani kwa njia za vumbi na makorongo kabla ya kuifikia lami hiyo. Kwenye njia za namna hiyo Yamaha DT 125 ya miaka ya 1980 bado ina heshima yake. Pikipiki nyingi za aina hii ziliingia nchini zikiwa vitendea kazi vya mabwana shamba, miradi na mashirika ya dini, kisha zikaishia mikononi mwa wakulima na wachuuzi. Injini yake fundi wa kijijini anaimudu. Kinachomsumbua mwenye nayo ni shokapu ya nyuma.

DT haina shokapu mbili pembeni kama pikipiki nyingi za bodaboda. Inayo moja tu, iliyofichwa chini ya kiti na tangi. Mpango huo ulibuniwa na mhandisi wa Ubelgiji, Lucien Tilkens, na Yamaha wakautumia katika mbio za matope, ambapo mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 250. Baadaye ukaingizwa katika DT. Ni mpango mzuri kwa njia mbovu, lakini shokapu hiyo moja ikifa, pikipiki nzima imekufa kiuno.

Wengi huchanganya kazi ya springi na kazi ya shokapu yenyewe. Springi hubeba mzigo. Shokapu, yenye pistoni inayosukuma oili kupita kwenye matundu madogo, huizuia springi isirukeruke. Namna ya kupima ni rahisi: kandamiza kiti kwa nguvu kisha uachie. Pikipiki ikipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Ikinesa mara tatu au nne, oili imekwisha hata kama springi inang'aa. Kuongeza springi ngumu hapo hakusaidii, kwani mrusho unazidi na nyanya zinapondeka vilevile.

Tatizo liko kwenye matengenezo yaliyozoeleka. Shokapu hufunguliwa, hutiwa oili nzito ya injini, huwekwa sili ya kubahatisha na bushi iliyochongwa kutoka tairi chakavu, kisha mwenye pikipiki huambiwa mambo yamekwisha. Oili nzito haipiti upesi kwenye matundu, hivyo pikipiki inakuwa ngumu kama ubao. Sili nayo haidumu ikiwa fimbo ya pistoni ina vidonda vya kutu, kwa sababu kila fimbo inapopanda na kushuka vidonda hivyo vinaikata. Baada ya wiki chache oili inavuja tena.

Hesabu yake mkulima anaweza kuifanya mwenyewe. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba matengenezo ya aina hiyo yanagharimu Sh 25,000 na yanadumu wiki 6. Katika miaka miwili, yaani wiki 104, atarudi kwa fundi mara 17 na kutumia Sh 425,000. Matengenezo kamili yakimgharimu Sh 120,000, yatakuwa nafuu mara tu yakivuka miezi 7. Hapo bado hazijahesabiwa nyanya. Mchuuzi anayepeleka matenga mawili kwa safari, safari 3 kwa wiki, akipoteza Sh 2,000 tu kwa kila tenga, katika wiki 12 amepoteza Sh 144,000. Kila mmoja aweke bei zake. Mwelekeo wa hesabu hautabadilika sana.

Matengenezo kamili maana yake ni kuinyoosha au kuikereza upya fimbo na kuipiga kromu pale ilipoliwa, sili ya kipimo sahihi, bushi mpya, oili nyepesi ya shokapu, na gesi ya naitrojeni kwa shinikizo lililopangwa. Hewa ya kawaida ya pampu haifai kuwa mbadala. Ina unyevu, unaoleta kutu ndani, na ina oksijeni, ambayo haistahili kuwekwa pamoja na oili kwenye shinikizo kubwa na joto. Wafugaji wanaijua naitrojeni kutokana na mitungi ya uhimilishaji inayohifadhi mbegu za madume kutoka Usa River, lakini hiyo ni ya kimiminika, yenye baridi kali, na asije mtu akadhani inaweza kumiminwa kwenye shokapu.

Jambo la usalama halipaswi kupuuzwa. Maelekezo ya Yamaha huonya kuwa shokapu ya gesi isifunguliwe ovyo. Anayeipiga tindo kabla ya kutoa gesi, au anayefungua springi bila kifaa cha kuikandamiza, anaweza kupoteza jicho. Kazi hiyo ni ya karakana yenye vifaa, na fundi wa Kifaru anaweza kubaki na kazi ya kuifungua kutoka kwenye pikipiki na kuirudisha.

Mtu mmoja peke yake atashindwa nauli ya kuzunguka mjini akitafuta sili. Wenye DT watano au sita wakipeleka shokapu zao Moshi kwa pamoja, watanunua oili kwa jumla na kupata sauti ya kudai dhamana. SACCOS nazo, zinazokopesha kwa ajili ya pikipiki mpya, zingefaa kufikiria mkopo mdogo wa matengenezo, maana mkopaji anabaki na chombo kinachozalisha. VETA ingeweza kuandaa kozi fupi ya shokapu kwa mafundi wa vijijini, kwa kuwa wateja wapo.

Hata hivyo, hakuna fundi atakayeinusuru shokapu dhidi ya lumbesa. Gunia lililojazwa kupita kiasi humpunja mkulima sokoni na huimaliza shokapu njiani, hasa likiongezewa abiria. Kwa wale wenye pikipiki za bodaboda zenye shokapu mbili za bei ndogo, zilizofungwa kiwandani kwa kukunjwa chuma, ushauri ni tofauti: wasihangaike kuzifungua. Wanunue mpya, zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu mpya na iliyochoka zikifungwa pamoja, mpya ndiyo hubeba kazi yote.