Hasara ya sungura huanzia kwenye kisanduku cha kuzalia

MJADALA wa ufugaji wa sungura katika Afrika Mashariki umekuwa zaidi ni wa soko. Biashara hiyo ilipovuma nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010, wengi waliingia wakiwa wamepiga hesabu moja tu: jike mmoja, mimba ya siku 31, watoto wanane, mara tano au sita kwa mwaka. Wanunuzi walipokosekana, lawama zote zikaelekezwa kwa soko.

Lakini ipo hasara nyingine isiyosemwa sana, nayo hutokea kabla sungura hajafikia umri wa kuuzwa. Ni ya watoto wanaokutwa wamekufa asubuhi, ndani ya siku tatu nne za kwanza. Mfugaji huwatupa, husema ni ugonjwa, kisha humpeleka jike kwa dume tena.

Mara nyingi si ugonjwa, ni baridi na njaa. Mtoto wa sungura huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba, akiwa na uzito wa gramu 50 hadi 60 hivi. Hawezi kujipasha joto kwa kutetemeka kama mnyama mkubwa. Mwaka 1964 watafiti Dawkins na David Hull, wa Oxford nchini Uingereza, walionyesha kwamba kinachomwokoa ni mafuta ya rangi ya kahawia yaliyo shingoni na katikati ya mabega, ambayo ni karibu asilimia 5 ya uzito wake. Mafuta hayo kazi yake ni kuungua na kutoa joto. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa yakiondolewa, mtoto hushindwa kuongeza joto anapopigwa na baridi. Hull alikuwa daktari wa watoto, na utafiti huo ulisaidia pia kueleza jinsi watoto wachanga wa binadamu wanavyokabili baridi.

Kwa mfugaji, mafuta hayo ni akiba benki. Kwenye kisanduku chenye nyasi kavu na manyoya ambayo mama hujinyofoa tumboni, joto hukaribia nyuzi 35 na akiba haiguswi sana. Kwenye sakafu ya waya, usiku wa Julai huko Njombe, Lushoto au Limuru, akiba hiyo huisha upesi. Mama naye hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika tatu hadi tano. Maziwa yake yana mafuta zaidi ya asilimia 10, wakati ya ng'ombe ni karibu asilimia 4, lakini mtoto aliyepoa hana nguvu ya kugombea chuchu. Akikosa zamu, husubiri hadi kesho yake. Wengi hawafiki.

Akiba hiyo hujengwa tumboni, tena mwishoni. Kijusi huongeza sehemu kubwa ya uzito wake katika theluthi ya mwisho ya mimba, na ini lake huweka sukari ya kutumia saa za kwanza baada ya kuzaliwa. Ndio wakati ambao mfugaji mwenye kubana matumizi, hasa tangu bei ya chakula cha mifugo ilipopanda mwaka 2021 na 2022, humpa jike majani matupu. Kumnenepesha jike tangu mwanzo nako si dawa: jike mwenye mafuta mengi anayeacha kula siku za mwisho anaweza kufa pamoja na mimba yake.

Kosa jingine ni pupa. Mashamba mengi ya biashara Ulaya hupandisha siku ya 11 baada ya kuzaa, mzunguko wa siku 42, lakini majike yao hula chakula kamili kila siku. Jike wa majani na pumba akibeba mimba huku ananyonyesha, hula mwili wake mwenyewe, na mimba inayofuata huzaa watoto wepesi.

Chukua mfano wa jike aliyezaa wanane wakabaki watano. Chakula alichokula hakirudi. Kila aliyebaki anabeba gharama ya mimba kwa asilimia 60 zaidi, kabla hajala hata punje. Kisanduku cha mbao chakavu, kilichowekewa nyasi kavu na kuingizwa bandani siku ya 28 ya mimba, ni nafuu kuliko kununua jike wa pili wa kuziba pengo hilo.

Wauzaji wa mbegu hupenda kutaja idadi ya wanaozaliwa. Mnunuzi angeuliza wangapi hufika kuachishwa, na aonyeshwe daftari la banda.