Masomo ya vakansi: tuulize mbele ya kulipa

Bandugu wachimbaji, kisha Examen d'État watoto wetu wanabakia nyumba miezi mizima mbele ya chuo kikuu kufungua milango. Ni pale matangazo ya masomo ya vakansi yanajaa ku kuta za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi: hesabu, fizikia, kompyuta, Kiingereza. Tunaombwa dola, na mshahara ungali mbali.

Sisi wa sendika hatukatai masomo hayo. Mtoto anayetaka kuingia Polytechnique ku Unilu anahitaji hesabu yenye nguvu. Lakini mbele ya kutosha makuta, tuulize: nani anafundisha, na alisomea nini? Mazoezi ni saa ngapi kwa juma? Wanafunzi wangapi mu chumba kimoja? Risiti iko? Na mwenye kuahidi kwamba mtoto ataingia chuo kikuu juu tu amelipa kwake, tumukimbie. Masomo ya vakansi hayatoi diploma wala nafasi.

Na mzazi asiye na kitu? Mtoto wake asiende kuosha mawe ku mto. Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wa kando ya mgodi. Ndani ya makuta ile, tuombe chumba, vitabu na mwalimu mzuri wa hesabu kila vakansi, bila malipo. Tuwaambie wadelege wetu waandike ombi sasa, wasingojee mwezi wa saba.