Msamia mmoja, mafaili mawili
Msamia wa Lumino ana shangazi Funyula, ng'ambo ya mpaka, na dawa za ARV humezwa popote alalapo. Kenya hutunza rekodi kwa KenyaEMR, Uganda kwa UgandaEMR. Zote zimejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Yeyote anaweza kuwaomba wataalamu wake waongeze kitu kipya. Ila mwenye bajeti ndiye husikilizwa, na bajeti ya wizara huishia mpakani. Malori yana kituo cha pamoja Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Nairobi na Kampala zipeleke ombi moja: namba ya mgonjwa itambulike pande zote. Wapo wanaovuka makusudi wasionwe na majirani kwenye foleni. Siri yao itangulie katika ombi hilo.