Hadithi Isemwe kwa "Went" au kwa "Goes"?

Nilipokuwa kidato cha pili niliandika insha ya Kiingereza juu ya safari yetu ya mtumbwi kutoka Nchelenge kwenda kisiwa cha Kilwa, katika Ziwa Mweru. Nilianza vizuri: "We left at dawn." Kisha dhoruba ikatukuta, nami nikaandika: "The wind rises. My uncle shouts. We throw the nets into the water." Insha ilirudi nyekundu tupu. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, wenzangu wakacheka, nikapewa alama nne katika ishirini. Miaka miwili mizima sikuthubutu kuandika hadithi tena.

Leo napenda kuwaambia ndugu zangu wanafunzi, na wenzetu wa zamani waliochekwa kama mimi, kwamba kosa lilikuwapo, lakini halikuwa ujinga.

Yafaa tutazame chanzo chake. Katika Kiswahili msimulizi hufungua kwa -li-, halafu hufuatisha -ka-: "Tuliondoka alfajiri, upepo ukavuma, mjomba akapiga kelele." Hiyo -ka- haina wakati wake yenyewe; huukopa kwa kitenzi kilichotangulia. Kiingereza hakina -ka-. Basi mwanafunzi huona "rises" na "shouts", maneno mepesi, akadhani ndiyo -ka- ya Waingereza. Sivyo. Ukianza na "left", sharti "rose" na "shouted" vifuate.

Lakini wako wasemao kuwa wakati uliopo haufai kabisa kwa hadithi. Hapo sikubali. Charles Dickens aliandika sura nyingi za Bleak House, iliyotoka 1852 hadi 1853, kwa wakati huo, na nyingine kwa wakati uliopita. Wala hakuchanganya ovyo, maana wasimulizi ni wawili. Hilary Mantel alisimulia mambo ya karne ya 16 kwa wakati uliopo katika Wolf Hall, akapata tuzo ya Booker mwaka 2009. Tena, ukieleza yaliyomo katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa jina la Juliasi Kaizari, utaandika "Brutus kills Caesar", ijapokuwa Kaizari aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo.

Kila wakati una kazi yake. Uliopita ni wa mtu aliyekwisha fika pwani, anayetazama nyuma akijua mwisho. Uliopo humweka msomaji ndani ya mtumbwi, asijue kama tutafika.

Basi shauri langu ni hili: chagua kabla ya sentensi ya kwanza, kisha usigeuke bila sababu. Mshika mawili moja humponyoka. Katika mtihani uliopita ndio salama zaidi. Nanyi walimu wetu, mkikuta "rises" baada ya "left", andikeni pembeni neno moja la kueleza sababu. Kicheko hakifundishi sarufi. Humnyamazisha mtoto mwenye hadithi.

Juzi niliiandika upya insha ile, yote kwa wakati uliopo, tangu "We leave at dawn". Nyavu za mjomba zilipotea vilevile, lakini safari hii sikuona haya kuisoma kwa sauti.